Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Historia ya Ugawaji wa Kumbukumbu ya Mtandao Katika Kiini cha Unix, 1983–2005

1. Utangulizi

Methali isemayo kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja hutumiwa kwa kawaida kuhusu watu: watawala wawili wanaowania kiti kimoja, au wenye nyumba wawili wanaogombea amri. Makala haya yanaitumia kwa jambo lililo mbali na siasa na ukoo, nalo ni historia ya mifumo endeshi ya kompyuta iliyobuniwa kwa mashine yenye prosesa moja, ikalazimika baadaye kuipokea ya pili, kisha ya nne, na kuendelea. Sehemu inayochunguzwa ni ndogo. Ni ile sehemu ya kiini cha mfumo inayogawa kumbukumbu kwa ajili ya pakiti zinazoingia na kutoka mtandaoni. Hata hivyo, ndani ya sehemu hiyo ndogo yamo maswali yote makubwa ya ushirikiano: nani mwenye mali, nani anaruhusiwa kuigusa, na inakuwaje wawili wanaponyoosha mkono kwa wakati mmoja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugumu wa kazi hiyo haukutokana na kutojua namna ya kufunga mlango. Elimu ya kufuli ilikuwapo zamani: Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alichapisha suluhisho lake la tatizo hilo mwaka 1965, yaani miaka 18 kabla ya mfumo utakaozungumziwa. Ugumu ulitokana na dhana ambayo haikuandikwa mahali popote, kwa sababu wakati wa kuandikwa kwa programu hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Kadhalika itaonyeshwa kwamba usalama ulipopatikana mwishowe pamoja na wepesi, haukuletwa na wingi wa kufuli bali na kupunguza yale yanayoshirikiwa.

Yafaa kwanza kuweka wazi istilahi. Kiini ni ile programu kuu inayokaa kati ya vyombo vya mashine na programu za watumiaji. Prosesa ni chombo kinachotekeleza amri. Pakiti ni kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni. Katizo ni ishara ambayo chombo, kama vile kadi ya mtandao, huipelekea prosesa ili iache kazi iliyo nayo na kumhudumia mgeni aliyefika. Hatimaye, ugawaji wa kumbukumbu ni kitendo cha kutoa nafasi kwa anayeiomba na kuipokea tena anapomaliza.

2. Ghala dogo la Berkeley

Mwezi wa Agosti 1983 Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa mfumo uitwao 4.2BSD, mojawapo ya matawi ya Unix. Kazi hiyo iligharimiwa na idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na matunda yake makubwa yalikuwa kueneza katika vyuo na maabara zile kanuni za mawasiliano zijulikanazo kama TCP/IP, ambazo ndizo msingi wa intaneti hata leo.

Waandishi wa 4.2BSD walikabiliwa na tatizo la ukubwa. Pakiti moja hubeba herufi moja tu iliyopigwa na mtumiaji. Nyingine hubeba sehemu nzima ya faili. Tena kila tabaka la kanuni za mawasiliano huongeza anwani yake mbele ya data, kama vile barua inavyotiwa bahasha ndani ya bahasha. Kama kila bahasha ingehitaji data yote inakiliwe upya, mashine za siku hizo zingetumia nguvu zao zote katika kunakili. Ndipo kikabuniwa kipande cha kumbukumbu kilichoitwa mbuf. Kilikuwa na baiti 128, ambazo 112 kati yake zilikuwa za data na zilizobaki za maelezo. Vipande viliweza kuunganishwa kama shanga katika uzi: anwani mpya ilipohitajika, kipande kiliongezwa mbele ya mkufu bila ya kugusa vilivyokuwapo. Kwa data nyingi palikuwa na mafungu makubwa ya baiti 1024, na fungu moja liliweza kutumiwa na vipande kadhaa kwa pamoja. Hesabu ndogo iliwekwa kwa kila fungu ili kujua lina watumiaji wangapi. Hesabu iliposhuka hadi sifuri, fungu lilirudishwa ghalani.

Ghala lenyewe lilikuwa orodha tu. Kila kipande kisichotumika kilionyesha kilipo kipande kinachofuata, na kielekezi kimoja kilionyesha cha kwanza. Kuomba kipande kulikuwa ni kuchukua cha kwanza na kusogeza kielekezi mbele. Kurudisha kulikuwa ni kukiweka tena mwanzoni. Amri chache zilitosha. Yakumbukwe pia kwamba kiini cha siku hizo hakikuwa na mgawaji mmoja wa kumbukumbu kwa mahitaji yote. Mgawaji huyo alikuja baadaye, katika kazi ya Marshall Kirk McKusick na Michael Karels iliyochapishwa mwaka 1988. Kwa hiyo vipande vya mbuf vilitumiwa hata kwa mambo yasiyo pakiti, na ghala lile dogo likawa mahali penye shughuli nyingi mno.

3. Mapatano yasiyoandikwa

Orodha hiyo ililindwa kwa njia gani? Jibu liko katika desturi ya Unix ya kale. Programu iliyoingia ndani ya kiini haikuondolewa kwa nguvu. Iliendelea mpaka imalize au ikubali yenyewe kulala. Mpinzani pekee alikuwa katizo. Pakiti ilipofika, prosesa iliacha ilichokuwa ikifanya, hata kama ilikuwa katikati ya kusogeza kielekezi, ikaenda kumsikiliza mgeni. Mgeni naye alihitaji kipande cha kumbukumbu, akaikuta orodha imeachwa nusu.

Dawa ilikuwa ni kuziba masikio kwa muda. Kabla ya kugusa orodha, kiini kiliita amri iitwayo splimp, iliyopandisha daraja la prosesa ili makatizo ya mtandao yasubiri. Baada ya kumaliza, daraja lilishushwa. Herufi tatu za mwisho za jina hilo zina historia yake. Zilitokana na jina la mashine ndogo zilizounganisha kompyuta na mtandao wa Arpanet. Arpanet ilifungwa mwaka 1990, lakini jina lilibaki likiandikwa katika programu miaka mingi baadaye, kama majina ya mitaa yanavyobaki baada ya waanzilishi wake kusahauliwa.

Mtu akisoma programu ya 4.2BSD haoni popote sentensi isemayo: “hapa pana prosesa moja tu”. Lakini kila mahali palipoitwa splimp palitegemea jambo hilo. Kuziba masikio humlinda mtu dhidi ya kuitwa. Hakumzuii mwenzake aliye chumba hicho hicho asinyooshe mkono. Maadamu hakukuwa na mwenzake, ulinzi ulikuwa kamili, mwepesi na wa bei nafuu. Kwa hiyo lawama haiwastahili waandishi wake. Walitatua tatizo walilokuwa nalo, na wakalitatua vizuri kiasi kwamba suluhisho lao lilinakiliwa katika mifumo mingi.

4. Anapoingia wa pili

Hatari ya prosesa ya pili yaweza kuelezwa kwa mfano mfupi. Tuseme orodha ina vipande K1, K2 na K3. Prosesa A inasoma kielekezi, inaona K1, inasoma kwamba kinachofuata ni K2. Kabla haijaandika kwamba sasa cha kwanza ni K2, prosesa B nayo inasoma kielekezi na kuona K1. Kila moja inaondoka na K1 ikiamini ni mali yake. Baada ya muda, data ya mtumiaji mmoja inaandikwa juu ya data ya mwingine. Hakuna kengele inayolia. Mashine huendelea, na pengine huanguka saa nyingi baadaye, mahali pengine kabisa, kwa sababu isiyofanana na chanzo chake.

Hesabu ya watumiaji wa fungu ilikuwa na hatari ya namna hiyo hiyo. Fungu lina watumiaji wawili, na wote wawili wanaliachilia kwa wakati mmoja. A inasoma 2, B inasoma 2. Kila moja inatoa 1 na kuandika 1. Hesabu haifiki sifuri kamwe, na fungu linapotea milele. Kinyume chake ni kibaya zaidi: watumiaji wawili wanapoongezwa pamoja na mmoja asihesabiwe, fungu hurudishwa ghalani ilhali bado kuna anayelisoma.

Waliokutana na tatizo hili mapema walilikwepa kwa hekima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, George Goble na wenzake waliunganisha mashine mbili za VAX-11/780 zikawa moja yenye prosesa mbili. Utaratibu wao ulikuwa wa bwana na mtumishi: prosesa moja peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuingia ndani ya kiini, na ya pili iliendesha programu za watumiaji tu. Zizi likabaki na fahali mmoja, na yule wa pili akafungiwa nje. Kwa kazi za hesabu utaratibu huo ulifaa. Kwa kazi ya mtandao, ambayo karibu yote hufanyika ndani ya kiini, haukuwa na msaada mkubwa.

5. Kufuli moja kwa nyumba nzima

Mashine zenye prosesa nyingi ziliposhuka bei katika miaka ya 1990, mifumo huru iliyoendeshwa na wanaojitolea ilichukua njia inayokaribiana na ile ya Purdue. Linux 2.0, iliyotolewa Juni 1996, na FreeBSD 3.0, mrithi wa tawi la Berkeley, iliyotolewa Oktoba 1998, zote ziliweka kufuli moja mlangoni pa kiini. Prosesa yoyote iliweza kuingia, lakini moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine zilisubiri nje. Njia hiyo ilikuwa na sifa isiyodharauliwa: ile dhana ya zamani isiyoandikwa ilibaki kuwa kweli. Ndani ya kiini bado palikuwa na mtekelezaji mmoja, na maelfu ya mistari iliyoandikwa kwa ajili ya mtekelezaji mmoja haikuhitaji kuguswa.

Gharama ya njia hiyo ilionekana hadharani mwaka 1999. Mwezi wa Aprili kampuni ya Mindcraft ilichapisha matokeo ya jaribio lililogharimiwa na Microsoft, likilinganisha Linux na Windows NT katika mashine yenye prosesa nne na kadi nne za mtandao. Kwa mujibu wa jaribio hilo, Windows NT ilikuwa na kasi mara 2.5 katika kutoa faili na mara 3.7 katika kutoa kurasa za wavuti. Mzozo mkali ulizuka kuhusu namna mashine zilivyotayarishwa, na majaribio yakarudiwa. Lakini baada ya kelele kutulia, wataalamu wa Linux wenyewe walikiri kiini cha jambo: kadi nne zilikuwa zikileta pakiti, na ndani palikuwa na njia moja tu ya kuzipitisha. Toleo la 2.4 la Januari 2001 lilikuja na sehemu ya mtandao iliyofunguliwa ili prosesa nyingi ziifanyie kazi kwa pamoja.

6. Kulivunja Jitu

Kwa upande wa FreeBSD uamuzi ulichukuliwa mwaka 2000. Mwezi wa Juni wataalamu wa mfumo huo walikutana California na kukubaliana juu ya mradi ulioitwa SMPng. Kampuni ya BSDi, iliyokuwa ikitayarisha toleo lake la kibiashara, iliwaruhusu kusoma kazi yake iliyokuwa bado haijatolewa. Kufuli la nyumba nzima lilipewa jina la Giant, yaani Jitu, na lengo likawa kulipunguza Jitu hilo chumba baada ya chumba mpaka lisiwe na kazi.

Badiliko la kwanza liligusa makatizo yenyewe. Badala ya katizo kuivamia prosesa, kila aina ya katizo ilipewa mtekelezaji wake, aliyepangwa kwa zamu kama programu nyingine na aliyeweza kusubiri kufuli. Tangu hapo amri za kuziba masikio hazikuwa na la kufanya. Ziligeuzwa kuwa maneno matupu: ziliitwa, na hazikutenda lolote. Hata hivyo hazikufutwa mara moja. Ziliachwa ndani ya programu kwa makusudi, kwa maana kila palipoandikwa splimp palimwonyesha mtaalamu kwamba hapa pana mali ya kulindwa. Hivyo yale mapatano yasiyoandikwa yalisomwa kwa kufuata alama zake, kama mwanaisimu anavyojenga upya sauti ya kale kwa kufuata athari iliyoiacha katika maneno ya leo. Tofauti ni kwamba hapa kosa moja la usomaji liliangusha mashine.

Ghala la kumbukumbu ya mtandao lilikuwa miongoni mwa vyumba vya mwanzo kushughulikiwa, kwa sababu vyumba vingine vyote vya mtandao vilipitia humo. Katika mwaka huo wa 2000 Bosko Milekic alitia kufuli katika orodha za mbuf, na hesabu ya watumiaji wa mafungu ikaanza kubadilishwa kwa amri zisizogawanyika, yaani zile ambazo prosesa husoma, kubadili na kuandika kwa tendo moja ambalo mwingine hawezi kulikatiza.

Kufuli zilileta maswali ambayo hayakuwapo zamani. Ghala lilipokauka, desturi ilikuwa kuzigeukia kanuni za mawasiliano na kuziomba zitoe walau vipande zilivyohifadhi, kwa mfano sehemu za pakiti zilizokuwa zikingoja wenzake. Sasa kanuni zikitoa vipande, zinavirudisha ghalani. Na ghala limefungwa na yule yule aliyeomba. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na hakuna anayeondoka. Ilibidi kufuli la orodha liachiliwe kwanza kabla ya ombi kutolewa. Kadhalika palikuwa na tofauti kati ya anayeweza kusubiri na asiyeweza: programu ya mtumiaji huweza kulala hadi nafasi ipatikane, lakini anayepokea pakiti kutoka kwa kadi hana muda huo, na akikosa kipande hana budi kuitupa pakiti. Ndiyo sababu kosa katika ghala hili huhisiwa na mtu aliye mbali: kwake huonekana kama mtandao mzito tu.

7. Kila mmoja na kapu lake

Kufuli katika orodha lilileta usalama, lakini halikuleta mwendo. Sababu yake iko katika ujenzi wa mashine. Kila prosesa ina hifadhi yake ndogo ya karibu, na inafanya kazi kwa wepesi maadamu kinachohitajika kimo humo. Kufuli linalotumiwa na wote haliwezi kukaa kwa mmoja. Husafirishwa kutoka hifadhi hii hadi ile kila linapoguswa. Hata lisipokuwa na anayelizuia, safari hiyo ina gharama, na gharama huongezeka kadiri prosesa zinavyoongezeka.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Mwaka 1993 Paul McKenney na Jack Slingwine, wa kampuni ya Sequent ya Oregon iliyotengeneza mashine zenye prosesa nyingi, walieleza mgawaji wa kumbukumbu uliopangwa kwa tabaka. Kila prosesa ilikuwa na akiba yake isiyoguswa na nyingine. Chini yake palikuwa na ghala la pamoja, na chini zaidi tabaka zilizokusanya vipande na kuvirudisha kuwa kurasa nzima. Prosesa ilitumia akiba yake bila kufuli. Ilipoishiwa, ndipo ilipokwenda ghalani, nayo haikuchukua kipande kimoja bali fungu zima. Utaratibu huo haumshangazi mtu aliyeona soko: wauzaji kumi hawapangi mstari mbele ya gunia moja kwa kila kibaba wanachouza, kila mmoja huchota kapu lake, naye hurudi kwenye gunia kapu linapokwisha.

Kapu lina tatizo lake kwenye ukingo. Prosesa ikiishiwa, ikachota, ikarudisha kimoja, ikajaa, ikapeleka, ikaishiwa tena, itakuwa njiani daima. Jeff Bonwick, ambaye mwaka 1994 alikuwa ameeleza mgawaji mpya wa mfumo wa Solaris, alirudi mwaka 2001 pamoja na Jonathan Adams akiwa na jibu. Waliazima mfano wa silaha: kila prosesa ina vibweta viwili vya risasi, kimoja kinachotumika na kimoja kilichotangulia, na hakuna safari ya kwenda ghalani mpaka vyote viwili viwe vitupu au vimejaa. Kwa hiyo kila safari moja hulipiwa na kazi ya kibweta kizima.

Mnamo Juni 2001 Milekic aliingiza katika FreeBSD mgawaji mpya wa vipande vya mtandao uitwao mb_alloc. Kila prosesa ilipewa chombo chake, na palikuwa na chombo kimoja cha pamoja. Vipande vilipangwa katika ndoo, kila ndoo ikiwa na ukubwa wa ukurasa mmoja wa kumbukumbu, na ndoo nzima ilihama kutoka chombo hadi chombo. Hapa ndipo tabia ya pekee ya kumbukumbu ya mtandao ilipodhihirika. Pakiti hupokelewa na prosesa moja, na mara nyingi data yake husomwa na programu inayoendeshwa na nyingine. Anayechukua kipande siye anayekirudisha. Katika mb_alloc kipande kilirudi kwenye ndoo yake, kwa mwenye ndoo, hata kama mwenye ndoo ni prosesa nyingine. Kwa hiyo kila chombo kilihitaji kufuli, ingawa kwa kawaida mwenyewe ndiye aliyelishika.

Mwaka 2002 Jeff Roberson alileta mgawaji wa jumla kwa kiini chote, uitwao UMA, uliofuata fikra za Bonwick. Ukawa umebaki mfumo wenye wagawaji wawili walio sawa kwa kusudi. Tarehe 31 Mei 2004, mwezi ule ule ambao alieleza kazi yake katika mkutano wa BSDCan huko Ottawa, Milekic alikiondoa kile alichokijenga mwenyewe na kuhamishia mbuf ndani ya UMA. Faida zilikuwa mbili zilizo wazi. Kwanza, kumbukumbu iliyokwisha kupewa mtandao iliweza sasa kurudi kwa matumizi mengine, jambo ambalo lilikuwa haliwezekani zamani. Pili, kipande na fungu lake kubwa viliweza kuwekwa akiba vikiwa vimekwisha kuunganishwa, na anayevihitaji vyote viwili akavipata kwa ombi moja.

8. Gharama ya watu

Historia hii isingekuwa kamili kama ingetaja vyombo na kunyamaza kuhusu waliovijenga. Toleo la 4.0 la FreeBSD lilitolewa Machi 2000. Toleo la 5.0 lilitoka Januari 2003, na hadi Novemba 2004, lilipotoka 5.3, ndipo tawi hilo jipya lilipotangazwa kuwa imara. Kwa zaidi ya miaka minne watumiaji walingoja, na kazi ya kuondoa Jitu ilifanywa ndani ya mfumo unaotumika, kama kubadili nguzo za nyumba wenyewe wakiwa ndani.

Njia yenyewe haikukubaliwa na wote. Mwaka 2003 Matthew Dillon, mmoja wa wataalamu wakuu wa kiini cha FreeBSD, alitangaza mfumo wake, DragonFly BSD, uliotokana na tawi la 4. Aliona kwamba kutawanya kufuli ndogo ndogo kila mahali kungefanya kiini kisisomeke wala kisirekebishike. Alichagua kila prosesa iwe na mali yake, na nyingine ziombe kwa ujumbe. Mgawaji wake wa kumbukumbu ulifuata kanuni hiyo: kipande kilichoachiliwa na prosesa isiyo yake kilirudishwa kwa kumpelekea mwenyewe taarifa, bila ya mtu kuifungua ghala ya mwenziwe. Jamii iligawanyika, na watu waliofanya kazi pamoja wakaachana njia.

Kwa upande wa pili pana mwendelezo wa kuvutia. Samuel Leffler, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa 4.2BSD huko Berkeley, mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waliotia kufuli katika sehemu ya mtandao ya FreeBSD. Miaka 20 baadaye, mmoja wa waliokuwapo wakati mapatano yasiyoandikwa yalipofanywa alikuwa akisaidia kuyaandika. Kazi hiyo iliendelezwa na Robert Watson na wengine, na katika 5.3 sehemu kubwa ya mtandao iliendeshwa kwa kawaida bila ya Jitu.

Hatua ya mwisho inayostahili kutajwa ni ya mwaka 2005. Akiba za prosesa katika UMA bado zilikuwa na kufuli, kila moja lake. Watson aliziondoa kufuli hizo. Badala yake, prosesa inayogusa akiba yake huzuia kwa muda mfupi tu isibadilishiwe kazi katikati ya tendo. Kwa kuwa hakuna mwingine anayeigusa akiba hiyo, hilo latosha.

9. Hitimisho

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba hatua hiyo ya 2005 yafanana sana na ya 1983. Katika zote mbili prosesa haifungi mlango. Inajizuia tu isikatizwe. Lakini kufanana huko si kurudi nyuma. Mwaka 1983 upweke wa prosesa ulikuwa jambo la bahati, lililotokana na umaskini wa mashine, na haukuandikwa popote. Mwaka 2005 upweke huo ulijengwa kwa makusudi: mali iligawanywa kwanza, ikajulikana ni ya nani, na kanuni ikaandikwa ndani ya programu. Kati ya nyakati hizo mbili ilipita miaka 22, iliyojaa kufuli kubwa, kisha kufuli ndogo, kisha makapu.

Ile methali haikukanushwa, ila imepata maelezo. Mafahali wawili hawakukaa zizi moja walipoachiwa hori moja. Walikaa kila mmoja alipopewa lake, na hori la pamoja likabaki kwa siku za upungufu. Walioifanya kazi hiyo walilazimika kwanza kutambua kwamba wazee wao walidhani zizi litakuwa na fahali mmoja daima, na dhana hiyo hawakuikuta imeandikwa. Waliipata kwa kufuata splimp moja baada ya nyingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili inabaki kazi ya kufaa. Kufuli, akiba, ghala, ndoo, kapu na hori ni maneno yaliyokuwapo kabla ya mashine hizi, nayo yameonekana kutosha kueleza sehemu kubwa ya habari hii. Palipokosekana neno, kama kwa prosesa, mkopo umetumika. Mpaka kati ya hayo mawili, yaani wapi lugha inajitosheleza na wapi inaazima, unastahili kuchunguzwa kwa orodha ndefu zaidi na kwa wasomaji wengi zaidi.